Nainital: Ziwa la Mapumziko na Milima Isiyotulia

Mwaka 1842 mfanyabiashara wa sukari kutoka Shahjahanpur, Mwingereza aliyeitwa P. Barron, alipandisha mashua kwenye milima ya Kumaon, kaskazini mwa India. Ilibebwa na watu hadi kwenye ziwa ambalo Barron alikuwa ameliona mwaka mmoja nyuma. Ardhi ya pale ilidaiwa na mkuu wa vijiji, Nar Singh, naye hakutaka kuiachia. Barron akamkaribisha kwenye mashua, wakapiga makasia hadi katikati ya maji. Hapo akamkabidhi daftari na kalamu: aandike kwamba hana dai lolote juu ya ziwa na miteremko yake, la sivyo ajitafutie njia ya kurudi ufukweni. Nar Singh akaandika. Inaelezwa kuwa baadaye alipewa kazi ya ukarani wa ardhi kwa rupia 5 kwa mwezi, katika eneo lilelile alilolazimishwa kulikana.

Kisa hicho kilisimuliwa na Waingereza wenyewe miaka na miaka, tena kwa kicheko, kama ujanja wa kupigiwa mfano. Lakini ndicho mwanzo wa mji wa Nainital, mmojawapo wa miji mashuhuri ya mapumziko ya kiangazi katika Bara Hindi. Kabla ya Barron, ziwa lilijulikana vizuri na wenyeji. Lina hekalu la mungu wa kike Naina Devi, na masimulizi ya Wahindu yanasema jicho la mungu wa kike Sati lilidondoka hapo wakati mumewe, Shiva, alipokuwa akibeba mwili wake. Watu walikuja kwa ibada, wakafanya tamasha lao, wakaondoka. G. W. Traill, kamishna wa Kumaon baada ya Waingereza kuichukua kutoka kwa Nepal mwaka 1815, anatajwa kuwa aliliona ziwa hilo karibu miaka 20 kabla ya Barron, akanyamaza kwa kuheshimu utakatifu wake. Barron hakunyamaza. Aliandika habari za ziwa hilo na kuzichapisha kwa jina la Pilgrim, akajenga nyumba aliyoiita Pilgrim Lodge, na kabla ya miaka mingi kupita viwanja vilikuwa vinagawiwa.

Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa Nainital asianzie kwenye maji. Aanzie kwenye miteremko inayoyazunguka: nani aliimiliki, nani aliipanda akiwa na mzigo mgongoni, nani alijenga juu yake, na nini kilitokea ilipolowa.

Ziwa lenyewe ni dogo. Lina urefu usiofika kilomita 1.5, upana wa chini ya nusu kilomita, na kina chake kikubwa ni kama mita 27. Liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,940 juu ya usawa wa bahari, limezingirwa na vilima pande zote isipokuwa upande wa kusini-mashariki, ambako maji yake hutoka kupitia korongo la Balia. Kilele cha Naina, upande wa kaskazini, kinapita mita 2,600. Mwisho wa juu wa ziwa unaitwa Mallital, mwisho wa chini Tallital, na barabara inayoiunganisha miisho hiyo kandokando ya maji ni Mall. Ukitaka kulizunguka ziwa lote kwa miguu, saa moja na ushei inakutosha.

Ni kwa nini mahali padogo hivi pawe na thamani kubwa kiasi hicho? Jibu liko chini, kwenye nyanda za mto Ganges. Mwezi Mei na Juni, kabla ya mvua za masika ya India kufika, joto la Bareilly, Lucknow au Allahabad hupita nyuzi 40. Unavuma upepo mkavu kutoka magharibi, unaoitwa loo, ambao unaweza kumuua mtu aliyeko barabarani mchana. Hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo siku ambayo Bareilly inaungua, Nainital watu wanavaa sweta jioni.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Chini kabisa ya milima upo ukanda wa Terai, ardhi ya majimaji na nyasi ndefu, ambao kwa karne nyingi ulisifika kwa malaria. Waingereza wa katikati ya karne ya 19 hawakujua kwamba ugonjwa huo huletwa na mbu. Waliilaumu hewa chafu ya mabwawa. Lakini waliona kwamba waliopanda juu hawakuugua sana, na uzoefu huo ulikuwa sahihi hata kama maelezo yake hayakuwa sahihi. Aliyekuja kuthibitisha nafasi ya mbu, mwaka 1897, alikuwa Ronald Ross, mtu aliyezaliwa Almora, mji wa Kumaon hiyohiyo. Mwaka aliozaliwa, 1857, ndio mwaka wa maasi makubwa dhidi ya Kampuni ya East India, ambapo familia za Waingereza kutoka nyanda za Rohilkhand zilikimbilia Nainital na kujificha humo. Tangu hapo watawala waliuona mji huo kama mahali pa baridi na pia ngome.

Mwaka 1862 Nainital ikawa makao rasmi ya kiangazi ya Naibu Gavana wa Majimbo ya Kaskazini-Magharibi. Miaka miwili baadaye Simla ikafanywa makao ya kiangazi ya serikali nzima ya India. Hebu tulitafakari jambo hili, kwa maana tumezoea kusikia kwamba miji hii ilikuwa ya likizo. Haikuwa likizo tu. Kila mwaka ofisi zilifungwa chini na kufunguliwa juu: majalada, makarani, wapishi, samani, farasi, piano. Mamilioni ya watu waliotozwa kodi na kuhukumiwa na serikali hiyo walibaki kwenye joto lilelile, huku maamuzi juu yao yakifanywa na watu waliokaa mahali ambapo joto hilo halipo.

Na mizigo hiyo ilipandaje? Reli ilifika Kathgodam, chini ya milima, mwaka 1884, na kutoka hapo bado ilibaki safari ya kilomita 35 za kupanda. Wageni walipanda farasi au walibebwa kwenye machela inayoitwa dandi, mabegani mwa watu. Kumaon kwa jumla iliishi chini ya utaratibu wa kazi ya lazima ulioitwa begar. Kila kijiji kilikuwa na daftari lenye majina ya wanaume. Afisa alipopita, au mwindaji mwenye kibali, au msafiri mwenye barua ya afisa, mkuu wa kijiji alifungua daftari na kuita majina. Walioitwa waliacha jembe na kubeba, kwa malipo kidogo au bila malipo. Pamoja na kubeba walitakiwa kutoa kuni, maziwa na majani ya farasi. Hakuna aliyeulizwa kama ni msimu wa kupanda au wa kuvuna, na ole wake kijiji kilichokuwa kando ya njia ya kwenda kwenye baridi.

Utaratibu huo haukufa kwa huruma ya watawala. Ulivunjwa na watu wenyewe Januari 1921, kwenye gulio na sikukuu ya Uttarayani pale Bageshwar, mahali mto Saryu unapokutana na Gomati. Maelfu ya wanavijiji walikusanyika, miongoni mwa viongozi wao akiwa mwandishi wa habari Badri Datt Pandey, na wakuu wa vijiji wakayatupa yale madaftari ya begar mtoni. Baada ya hapo serikali haikuweza tena kuurudisha. Vitabu vya kuongoza watalii huko Nainital hutaja klabu ya mashua iliyoanzishwa mwaka 1890 na mashua za tanga zilizochongwa kwa michoro ya Linton Hope. Sioni sababu ya kutotaja madaftari ya Bageshwar katika ukurasa uleule, maana bila migongo kama ile iliyoandikwa humo, mashua ya kwanza isingefika juu.

Maisha ya wakubwa kando ya ziwa yalikuwa na mpangilio wake. Palikuwa na kanisa la St. John in the Wilderness, lililojengwa miaka ya 1840 ukingoni mwa msitu. Palikuwa na shule za bweni za watoto wa Kizungu ambao wazazi wao hawakuweza kuwapeleka Uingereza: Sherwood mwaka 1869, St. Mary's miaka ya 1870, St. Joseph's miaka ya 1880. Mall iligawanyika mara mbili, ya juu na ya chini, na wazee wa mji husimulia kwamba ya juu ilikuwa ya Wazungu na ya chini ya Wahindi, pamoja na farasi na mizigo. Leo shule hizo zinasomesha Wahindi. Amitabh Bachchan, ambaye msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa ni nani, alisoma Sherwood. Na wengi wetu tumeliona ziwa hilo bila kujua jina lake, katika filamu kama *Kati Patang* na *Koi... Mil Gaya*.

Sasa tuje kwenye udongo, kwa sababu hapo ndipo habari yote inapokaza.

Vilima vya Nainital ni vya mawe yaliyovunjikavunjika. Eneo liko karibu na mpasuko mkubwa ambapo Himalaya zinasukumana na nchi ya chini, na ufa mwingine wa ardhi unapita kwenye bonde la ziwa lenyewe. Upande wa kusini-magharibi, mlima Ayarpatta, ni mawe ya chokaa yenye uimara kiasi. Upande wa kaskazini-mashariki, Sher-ka-Danda, ni tabaka za mawe membamba yanayobanduka kama kurasa, na juu yake limelala rundo nene la kifusi cha maporomoko ya zamani. Kifusi hicho kikiwa kikavu kinasimama. Kikinywa maji, mambo mawili hutokea kwa pamoja: kinakuwa kizito zaidi, na maji yaliyojaa kati ya chembe zake yanapunguza nguvu ya chembe kushikana. Mteremko uliosimama miaka 100 unaweza kuondoka kwa dakika chache. Binadamu analiharakisha jambo hilo kwa njia tatu: anakata mguu wa mteremko ili apate uwanja, anaongeza uzito wa nyumba juu yake, na anang'oa miti iliyokuwa inaufunga udongo na kuyanywa maji.

Ishara zilianza mapema. Mwaka 1866 na tena 1869 sehemu za kilima cha Alma ziliporomoka. Watu walishtuka, kamati ziliundwa, na ujenzi ukaendelea, kwa sababu kila mwaka waliotaka nyumba ya kiangazi walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia.

Tarehe 16 Septemba 1880 mvua ilianza kunyesha, haikukatika siku iliyofuata. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 18, sehemu ya kilima nyuma ya Victoria Hotel, juu ya Mallital, iliporomoka ikafukia majengo ya nyuma ya hoteli pamoja na watu waliokuwamo, wengi wao watumishi wa Kihindi. Wakaitwa askari, polisi, maafisa, na watu wa mtaani wakajitolea. Walichimba kwa saa kadhaa, mvua ikiwapiga, chini ya mteremko uleule uliokuwa umeachia. Saa saba na dakika kama 20 mchana, kilima chote kilichobaki juu yao kikashuka. Kiliibeba hoteli, kikapita juu ya maduka na ukumbi wa starehe ulioitwa Assembly Rooms, kikalifagia hekalu la Naina Devi, na sehemu yake ikaingia ziwani. Walikufa watu 151: Wahindi 108, Wazungu na machotara 43. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuja kuwaokoa wenzao.

Hekalu lilijengwa upya, nalo lipo hadi leo kando ya maji. Kifusi kilisawazishwa na kupanua uwanja ulioko Mallital, unaoitwa Flats, ambao leo watu wanachezea mpira na kuegeshea magari. Sijui kama kila anayeegesha anajua kwamba chini ya gurudumu lake kuna kilima cha mwaka 1880.

Lakini jambo kubwa lililofuata ni mitaro. Wahandisi walielewa kwamba adui ni maji yanayozama kwenye kifusi, si maji yanayopita juu yake. Kwa hiyo miteremko ilifumwa mtandao wa mitaro ya mawe, mikubwa ikiwa kama 60 inayoshuka moja kwa moja ziwani na midogo ikiikutanisha. Sakafu yake ilijengwa kwa ngazi ili kupunguza kasi ya maji, na mashimo yakaachwa njiani ya kunasia mchanga na mawe. Mtaro ulioziba mwezi Juni ni hatari mwezi Agosti, kwa hiyo paliwekwa ukaguzi na usafishaji kabla ya mvua. Sehemu za Sher-ka-Danda zilizuiwa ujenzi. Hata nyumba ya Gavana iliyokuwa upande huo ilitelekezwa baada ya kuonyesha nyufa, na kufikia mwaka 1900 jumba jipya la mawe, ambalo sasa ni ikulu ya Gavana wa Uttarakhand, lilikuwa limesimama upande wa pili wa bonde. Mwaka 1898 korongo la Balia nalo liliporomoka, likaua watu na kuharibu kiwanda cha bia. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba mlango wa kutokea maji unahitaji ulinzi kama vilima.

Mimi siwasifu wakoloni kwa mengi katika habari hii, lakini kwa mitaro nawasifu bila kusita. Ni kazi ya watu waliokuwa wamezika wenzao na wakakataa kudanganyana kuhusu sababu. Waliochimba na kupanga mawe walikuwa wenyeji wa Kumaon, na kazi yao bado inaushikilia mji.

Mtoto mmoja wa miaka 5 aliishi Nainital wakati wa maporomoko hayo. Alikuwa Jim Corbett, aliyezaliwa mjini humo tarehe 25 Julai 1875, mtoto wa mkuu wa posta. Baada ya msiba ule familia ilihamia upande wa Ayarpatta, kwenye mawe ya chokaa, ikajenga Gurney House, ambayo ipo mpaka sasa. Mama yake alipofiwa na mume aliilea familia kwa kupangisha na kuuza nyumba za wageni wa kiangazi. Kwa lugha ya leo tungemwita dalali wa kwanza wa mji. Corbett ndiye aliyekuja kujulikana duniani kwa kuwawinda chui na simbamarara wala watu wa Kumaon, na kwa kitabu chake cha mwaka 1944 kuhusu uwindaji huo. Pia aliwahi kuwa diwani wa manispaa ya Nainital.

Habari yake inaishia kwetu. Mwaka 1947 India ilipopata uhuru, Corbett aliiuza Gurney House, akahamia Kenya na dada yake Maggie. Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwake, kwani miaka ya 1920 alishirikiana na Percy Wyndham, aliyekuwa kamishna wa Kumaon, kuendesha shamba huko Tanganyika. Walikwenda kuishi Nyeri, katika Paxtu, nyumba ndogo iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alikuwa kwenye hoteli ya Treetops pamoja na Binti Mfalme Elizabeth, usiku ambao baba yake binti huyo alifariki Sandringham na yeye akawa malkia. Corbett alikufa tarehe 19 Aprili 1955, akazikwa Nyeri. Ukitazama ramani, utaona mantiki yake: mtu aliyekulia kwenye mji wa baridi wenye mlima mbele ya dirisha, ulimwengu wake ulipokwisha, alitafuta mji mwingine wa baridi wenye mlima mbele ya dirisha. Nyeri na Nainital ni miji ya fikra moja, na fikra hiyo ilikuwa inahama pamoja na wenyewe.

Nainital haikuhama. Wahindi wa tabaka la kati waliingia mahali Waingereza walipotoka, na kwa haki kabisa. Maarusi wa Delhi na Lucknow walikuja kwa fungate, familia zikaja likizo ya shule, sasa wakiwa huru kutembea Mall yoyote waipendayo. Mwaka 2000 jimbo jipya la Uttarakhand lilipoundwa, Mahakama Kuu yake iliwekwa Nainital, na pamoja nayo mawakili, makarani na wenye kesi wa mwaka mzima. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wakazi zaidi ya 41,000, na msimu wa Mei na Juni wageni hujaa hadi polisi wanasimamisha magari chini ya mlima. Mji uliopangwa kwa nyumba chache za matajiri sasa unabeba hoteli za ghorofa kwenye miteremko ileile.

Hapa ndipo mitaro iliyojengwa baada ya mwaka 1880 inapogeuka kuwa tatizo na dawa kwa wakati mmoja. Mtaro unapeleka ziwani kila kinachoingia ndani yake. Ulipojengwa, kilichoingia kilikuwa maji ya mvua na mchanga. Leo ni majitaka yanayovuja, mifuko ya plastiki, saruji na vifusi vya ujenzi. Virutubisho vya majitaka hulisha mwani; mwani ukifa huzama chini na kuoza, na kuoza kwake hutumia oksijeni ya maji ya kina. Miaka ya 1990 tabaka la chini la ziwa lilikuwa halina oksijeni kwa miezi mingi ya mwaka, na samaki walikufa. Mwaka 2007 ikawekwa mitambo ya kusukuma hewa chini ya maji, nayo imesaidia. Lakini ziwa linalopumua kwa mashine ni ziwa ambalo ugonjwa wake haujaondolewa.

Mwenye kujenga naye hupenda kuufunika mtaro ili apate kipande cha uwanja. Mtaro uliofunikwa haukaguliwi, ukiziba haujulikani, na maji yake yanarudi palepale yalipokatazwa baada ya mwaka 1880: ndani ya kifusi. Mwanahistoria wa Nainital, Ajay Singh Rawat, alilipeleka jambo hili Mahakama ya Juu ya India, na hukumu ya mwaka 1995 iliagiza majitaka yasiingie ziwani, ujenzi wa ghorofa nyingi uzuiwe, na vifaa vya ujenzi visirundikwe kwenye mitaro. Ni jambo la kusikitisha kwamba mahakama kubwa kuliko zote nchini ililazimika kuagiza mtu asimwage mchanga mtaroni.

Kisha kuna Sukhatal. Ni bonde dogo juu kidogo ya Mallital ambalo hujaa maji wakati wa mvua na kukauka miezi mingine. Kwa jicho la mtu mwenye haraka ni kiwanja cha bure. Kwa kweli ni mtungi unaovuja polepole: maji yake huzama, hupita ndani ya mawe yaliyopasuka, na kutokea ziwani miezi kadhaa baadaye, wakati mvua imekwisha na mji una kiu. Uchunguzi wa wataalamu wa maji ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani kwa njia ya chini ya ardhi hutoka huko. Na mji wenyewe hunywa maji ya ziwa hilo. Pamoja na hayo, Sukhatal imejengwa pembeni, imetupiwa vifusi, imeegeshewa magari. Serikali ilipoanza kuigeuza kuwa kivutio cha watalii kwa kuimwagia zege, ilikuwa Mahakama Kuu iliyosimamisha kazi mwaka 2022, baada ya wakazi kulalamika.

Matokeo yameonekana kwa pande mbili. Mwaka 2017, baada ya majira ya baridi yenye mvua na theluji kidogo, ziwa lilishuka hadi kingo zake za tope na mawe zikawa wazi. Agosti 2018 kipande cha Mall ya chini kikakatika na kuzama ziwani. Oktoba 2021 mvua isiyo ya kawaida ikajaza ziwa hadi likafurika, maji yakaingia barabarani na hekaluni, na mji ukatengwa na nchi ya chini kwa muda. Watu huuliza: vipi ziwa moja likauke na kufurika ndani ya miaka minne? Sababu ni moja. Ardhi iliyofunikwa kwa saruji haiwezi kunywa maji. Mvua ikija, yote hukimbilia ziwani kwa siku moja. Mvua ikikoma, hakuna kilichohifadhiwa cha kushuka taratibu. Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza ukali wa pande zote mbili, lakini hayakufunika Sukhatal wala mitaro. Hiyo ni kazi ya vibali.

Hukumu yangu ni kwamba Nainital inahitaji vichache, na vyote vinajulikana tangu zamani. Sukhatal iachwe wazi na ichimbuliwe vifusi. Mitaro ifunuliwe na isafishwe kila mwaka kabla ya Juni. Upande wa Sher-ka-Danda usiongezewe hata tofali moja. Na msomaji ukijaaliwa kwenda huko, kama watu wetu wengi waendao India kwa masomo, matibabu au matembezi, epuka Mei na Juni, panda kwa basi, na chukua hoteli ya zamani badala ya ile inayojengwa mwaka huu juu ya mtaro.